Kununua kwa Wingi na Kuweka Akiba ya Chakula Nyumbani: Lini Ni Nafuu, Lini Ni Hasara

Mwisho wa mwezi ukifika, maduka ya jumla mjini Lodwar na Kakuma huwa na shughuli nyingi. Bodaboda hutoka zikiwa zimebeba beli za unga, magunia ya sukari na mitungi ya mafuta ya kupikia. Wanunuzi ni wafanyakazi waliolipwa mishahara, wanachama wa vyama vya akina mama, wafugaji waliouza mbuzi na familia zilizopokea pesa za msaada. Wengi wao wana lengo moja: kununua chakula wakati pesa ipo, ili nyumba isikose cha kupika katikati ya mwezi.

Lengo hilo ni jema. Hata hivyo, si kila chakula kilichonunuliwa kwa bei ya chini kinampunguzia mwenye nyumba gharama. Kuna familia zinazonunua kwa wingi zikaokoa pesa, na nyingine zinazotupa unga uliooza au kulipa deni kubwa kuliko nafuu waliyopata. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo kati ya hali hizo mbili na mambo ambayo mkazi anaweza kukagua kabla ya kutoa pesa yake.

Akiba si jambo geni Turkana

Kuweka chakula cha siku zijazo ni desturi ya zamani katika kaunti hii. Wafugaji wamekausha nyama kwa muda mrefu, na enyas bado huandaliwa na kuuzwa hadi leo. Maziwa ya msimu wa mvua hugandishwa au kukaushwa, na mafuta ya mifugo huhifadhiwa kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Kilichobadilika ni kwamba sehemu kubwa ya chakula cha mijini sasa hutoka dukani, na dukani hufika kwa lori.

Lori nyingi hupitia Kitale, safari ya karibu kilomita 300 hadi Lodwar. Kakuma iko karibu kilomita 120 mbele zaidi. Barabara hiyo ikikatika, bidhaa huchelewa. Mnamo Novemba 2019, mvua kubwa na maporomoko ya ardhi katika Kaunti ya Pokot Magharibi yaliua makumi ya watu na kusomba madaraja, na usafiri kati ya Kitale na Lodwar ukakatizwa. Mafuriko ya laga nayo hukata barabara za ndani karibu kila msimu wa mvua nyingi. Kwa sababu hiyo, familia inayoweka chakula cha akiba cha wiki mbili hivi inajikinga na hatari halisi.

Kwa mfugaji, akiba huanzia sokoni kwa mifugo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kuhusu hali ya ukame katika kaunti kame. Taarifa hiyo huonyesha pia kilo ngapi za mahindi zinaweza kununuliwa kwa bei ya mbuzi mmoja. Kiangazi kinapokaza, mbuzi hukonda na bei yake hushuka, huku bei ya mahindi ikipanda. Anayeuza mbuzi wawili wangali na afya na kununua mahindi mapema hupata kilo nyingi kuliko anayesubiri hadi malisho yaishe. Huko pia ni kununua kwa wingi, na mara nyingi ndiko kwenye faida kubwa kuliko ofa yoyote ya dukani.

Kuponi za Marekani na ofa za hapa

Huko Marekani kuna watu wanaojulikana kwa kukusanya kuponi, yaani vipande vya karatasi au vocha za simu zinazompunguzia mnunuzi bei ya bidhaa fulani. Kampuni ya Coca-Cola ilikuwa miongoni mwa za kwanza kugawa kuponi hizo mwishoni mwa miaka ya 1880. Kuanzia mwaka wa 2010, kipindi cha runinga kiitwacho Extreme Couponing kiliwaonyesha wanunuzi waliojaza vyumba kwa dawa za meno, sabuni na vyakula vya mikebe walivyonunua kwa bei ndogo sana.

Ununuzi wa aina hiyo unategemea kampuni kutoa kuponi nyingi na maduka kukubali zaidi ya punguzo moja kwa bidhaa hiyo hiyo. Mfumo huo haupo Lodwar wala Kakuma. Hapa nafuu huja kwa njia nne: ofa ya muda mfupi, pointi za kadi ya supamaketi, bei ya jumla, na vocha za msaada wa chakula. Kila njia ina faida yake na mtego wake.

Ofa ya "nunua mbili upate moja" inafaa ikiwa bidhaa zote tatu zitatumika kabla ya muda wake kuisha. Mara nyingine duka hutoa ofa kwa sababu muda huo umekaribia. Mnunuzi anapaswa kuangalia tarehe iliyochapishwa kwenye pakiti, hasa baada ya herufi EXP, kabla ya kuangalia bei.

Pointi za kadi nazo si pesa mpaka zitumike. Kampuni ya Nakumatt, iliyokuwa na maduka mengi nchini na kadi yake ya pointi, ilidorora hadi wadai wake wakapiga kura ya kuifunga mnamo Januari 2020. Duka likifungwa, pointi hazina mahali pa kutumiwa. Mwenye pointi anashauriwa kuzitumia mapema badala ya kuzilimbikiza kwa miaka.

Hesabu ya beli moja

Njia inayotumiwa na wengi ni bei ya jumla. Hebu tuchukue mfano wa hesabu, kisha kila msomaji aweke bei za duka lake.

Chukulia kwamba pakiti moja ya unga wa mahindi ya kilo mbili inauzwa Sh180 katika duka la mtaani. Beli ya pakiti 12 inauzwa Sh2,040 katika duka la jumla, sawa na Sh170 kwa pakiti. Mnunuzi wa beli anaokoa Sh10 kwa kila pakiti, jumla Sh120.

Sasa ongeza gharama nyingine. Ikiwa bodaboda inamtoza Sh100 kumfikisha nyumbani, nafuu inabaki Sh20 tu. Ikiwa pakiti moja italoa au kuingia wadudu, atakuwa amepoteza Sh170, na hapo nafuu yote imegeuka hasara. Ikiwa alikopa zile Sh2,040 kwa simu kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi, atalipa Sh163 zaidi, kiasi kinachozidi nafuu ya Sh120 hata kabla ya nauli.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo matatu. Kwanza, linganisha bei kwa kilo au kwa lita, si kwa pakiti. Pakiti kubwa si lazima iwe nafuu, na pakiti mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana kwa uzani. Pili, jumlisha nauli. Majirani watatu wanaokodisha tuktuk moja hupunguza gharama kuliko kila mmoja kwenda na bodaboda yake. Tatu, usikope ili uweke akiba. Chakula kilichonunuliwa kwa deni kabla ya kuhitajika mara nyingi huwa ghali kuliko kile cha kupimiwa.

Kupimiwa kidogo kidogo, kwa mfano mafuta ya Sh20 au sukari ya Sh10, ndiyo njia ghali zaidi kwa kilo. Walio wengi hununua hivyo kwa sababu pesa inaingia kidogo kidogo, si kwa kutojua hesabu. Kwao hatua ya kwanza si kununua gunia. Ni kuhama kutoka kipimo cha Sh10 hadi nusu kilo, kisha kilo moja, kwa bidhaa moja kwa wakati mmoja.

Funzo kutoka Kakuma

Kakuma ina historia ya kipekee kuhusu vocha za chakula. Mnamo mwaka wa 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianzisha mfumo wa Bamba Chakula katika kambi ya Kakuma. Familia ya wakimbizi iliwekewa kiasi fulani kwenye laini ya simu kila mwezi. Kiasi hicho hakikutolewa kama pesa taslimu. Kilitumika kununua chakula tu, kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Katika makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya msaada wa chakula ilitolewa kwa njia hiyo, na baadaye baadhi ya familia zikaanza kupokea pesa taslimu kupitia benki.

Mfumo huo uliipa familia uhuru wa kuchagua chakula na duka. Ulichangia pia kukuza biashara. Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Fedha, IFC, uliotolewa mwaka wa 2018 ulihesabu zaidi ya maduka na biashara 2,000 katika kambi ya Kakuma. Wenyeji na wakimbizi huuziana bidhaa kila siku.

Lakini watafiti waliochunguza maduka hayo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Oxford, walieleza pia jinsi deni la dukani lilivyoenea. Msaada ukichelewa au ukiisha kabla ya mwezi kwisha, familia huchukua chakula kwa mkopo. Ili kujihakikishia malipo, baadhi ya wauzaji hubaki na laini, kadi ya benki au namba ya siri ya mteja. Siku pesa ikiingia, deni hukatwa kwanza.

Mteja wa namna hiyo hawezi kulinganisha bei. Hata duka la jirani likishusha bei ya mchele kwa Sh20 kwa kilo, yeye atarudi kwa yule anayemdai. Ofa haimfikii. Hali kama hiyo inaweza kumpata pia mkazi wa Lodwar anayekopa dukani akisubiri mshahara, au mzee anayesubiri malipo ya mpango wa Hunger Safety Net, ambao kwa miaka mingi umelipa kila baada ya miezi miwili.

Kwa familia iliyo katika deni la dukani, akiba bora ya kuanza nayo ni kupunguza deni hilo. Mkazi anaweza kukubaliana na mwenye duka alipe sehemu ya deni kila pesa inapoingia na kubaki na kiasi cha kununulia anapotaka. Deni liandikwe katika daftari mbili, moja ya muuzaji na moja ya mteja. Kadi ya benki, laini ya simu, kitambulisho na namba ya siri vibaki kwa mwenyewe. Anayeshika vitu hivyo anaweza kutoa pesa zaidi ya deni lenyewe, na mteja asigundue mapema.

Joto, unyevu na wadudu

Joto la mchana Lodwar hufikia nyuzi 35 au zaidi kwa siku nyingi za mwaka. Nyumba ya mabati huwa na joto kali zaidi ndani. Joto hilo hufupisha maisha ya vyakula vingi, hata kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti.

Mafuta ya kupikia huchacha haraka yakikaa kwenye joto na mwanga. Unga wa mashine uliosagwa bila kukobolewa hauwekeki kwa muda mrefu kama unga uliokobolewa, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta. Ni afadhali kuweka mahindi mazima na kusaga ya wiki moja au mbili. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu kwenye joto huwa magumu na hukawia kuiva, hivyo nafuu iliyopatikana dukani hulipiwa kwa makaa. Mchele, sukari na chumvi huvumilia vizuri zaidi vikiwa vikavu na vimefunikwa.

Chakula kisiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Ubao uliowekwa juu ya mawe au matofali unatosha kukiinua. Hilo ni muhimu zaidi kwa wanaoishi karibu na mto Turkwel na laga ya Kawalase mjini Lodwar, au laga ya Tarach huko Kakuma, ambako maji ya mafuriko huingia nyumbani kwa ghafla. Mafuta ya taa, petroli, sabuni na dawa za mifugo viwekwe mbali na chakula. Mtungi uliowahi kubeba kemikali usitumiwe kuwekea chakula hata ukioshwa.

Kila bidhaa mpya iwekwe nyuma na ya zamani iletwe mbele, ili kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Tarehe ya kununua inaweza kuandikwa kwa kalamu juu ya pakiti.

Hatari ya aflatoksini

Hatari kubwa zaidi ya kuhifadhi nafaka vibaya ni aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi, njugu karanga na mtama. Mnamo mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki katika eneo la Ukambani, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo.

Aflatoksini haiishi kwa kupikwa, na si lazima ionekane kwa macho. Mahindi yaliyobadilika rangi, yenye ukungu au harufu ya uvundo yasiliwe, yasiuzwe na yasilishwe mifugo. Kukobolewa na kuchanganywa na mazuri hakuyafanyi kuwa salama.

Nafaka inapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuwekwa. Asiye na kipimo anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache. Iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na yanahitaji kuanikwa tena, juu ya turubai na si mchangani.

Kwa wanaoweka gunia zima, kuna magunia yasiyopitisha hewa yanayouzwa katika maduka ya pembejeo. Aina moja, PICS, ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la nje. Kila mfuko hufungwa peke yake baada ya kutoa hewa. Fukusi na dumuzi hukosa hewa na kufa bila dawa. Gunia hilo halikaushi nafaka. Mahindi yenye unyevu yataoza humo. Likitobolewa na panya, nguvu yake imekwisha.

Usinunue kwa hofu

Akiba ya nyumbani hutofautiana na kukimbilia dukani kwa hofu. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilipotangazwa tarehe 13 Machi 2020, watu wengi walifurika kwenye supamaketi. Mnamo Julai 2022, serikali ya kitaifa ilipotangaza kwamba pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe Sh100, unga uliadimika na maduka mengi yakaweka kikomo cha pakiti kwa kila mnunuzi. Katika hali kama hizo, anayebeba beli tano hupunguza fungu la anayehitaji pakiti moja ya jioni hiyo.

Anayejenga akiba polepole, pakiti moja au mbili zaidi kila anaponunua, hahitaji kukimbia siku ya hofu. Hawaumizi majirani, na haweki pesa yake yote kwenye bidhaa moja.

Vilevile, magunia ya chakula cha msaada yaliyoandikwa kwamba si ya kuuza yasichukuliwe kuwa bei nafuu. Mnunuzi hajui yamehifadhiwa vipi, na kila gunia lililouzwa limetoka kwenye sufuria ya familia nyingine.

Kununua pamoja na kujua haki

Wasio na pesa ya beli nzima wanaweza kununua kwa chama. Watu sita wakichangia gunia moja la sukari la kilo 50, kila mmoja hupata zaidi ya kilo nane kwa bei ya jumla. Mambo machache huzuia ugomvi: mchango uandikwe, bei iulizwe katika maduka yasiyopungua matatu, watu wawili waende kununua, risiti ionyeshwe wote, na bidhaa igawanywe kwa mizani siku hiyo hiyo.

Mnunuzi ana haki zinazolindwa na Kifungu cha 46 cha Katiba na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari za kumwezesha kuchagua. Mizani ya biashara inapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo. Chini ya Katiba, biashara ya haki na masoko ni jukumu la serikali ya kaunti, hivyo malalamiko kuhusu mizani yanaweza kufikishwa kwa maafisa wa biashara na vipimo wa kaunti. Chakula kilichopitwa na muda au chenye ukungu kinachouzwa dukani kiripotiwe kwa afisa wa afya ya umma aliye karibu. Risiti na pakiti yenyewe vihifadhiwe kama ushahidi.

Kabla ya kwenda dukani

Mkazi anayetaka kununua kwa wingi mwezi huu anaweza kujiuliza maswali matano:

1. Je, nyumbani kimebaki nini, na kitatosha siku ngapi?
2. Je, bei ya jumla kwa kilo, pamoja na nauli, ni chini ya bei ya mtaani?
3. Je, pesa hii ni yangu, au ni ya mkopo?
4. Je, chakula hiki kitaliwa chote kabla hakijaharibika?
5. Je, pesa ya maji, dawa na karo itabaki?

Jibu likiwa baya kwa swali lolote kati ya hayo, ni heri kununua kiasi kidogo. Swali la kwanza halihitaji pesa wala safari: ni kufungua stoo, kuhesabu pakiti zilizopo na kuziandika kabla ya kupanda bodaboda.